Mali bila daftari: historia ya programu za viwanda, kutoka Minnesota hadi Dar es Salaam

Makampuni mengi yenye viwanda yanakabiliwa na uamuzi mgumu: kuendelea na programu za kompyuta zilizokwisha kuzeeka, kuhamia matoleo mapya, au kupeleka kila kitu katika kile kinachojulikana kama wingu. Makala haya yanaitupia jicho historia ya programu hizo, ambayo sehemu yake muhimu iliandikwa katika jimbo la Minnesota, na kuangalia ni kwa nini baadhi ya waliohama bila ya kujichunguza kwanza waliishia pabaya.

Brooklyn Park ni mji ulioko kaskazini magharibi mwa Minneapolis, kando ya mto Mississippi, nchini Marekani. Kwa miongo mingi sifa yake kubwa ilikuwa mashamba ya viazi. Mashamba hayo karibu yote yamegeuka kuwa makaazi ya watu, maghala na viwanda. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu wakaazi 86,478, wakiwemo Waliberia wengi pamoja na Wakenya na watu wengine wenye asili ya Afrika Mashariki. Msikilizaji anayefuatilia siasa za Marekani huenda akamkumbuka Jesse Ventura, mwanamieleka aliyekuwa meya wa mji huo kuanzia mwaka 1991 hadi 1995, kabla ya kuwa gavana wa Minnesota mwaka 1999.

Katika mji huo hutengenezwa mashine za kutandika lami za kampuni ya Caterpillar pamoja na vifaa vya upasuaji, na huko ndiko iliko kampasi ya kaskazini ya kampuni ya maduka ya Target, ambako hufanya kazi wataalamu wake wengi wa teknolojia. Anayepita barabarani huyaona majengo na malori. Asichokiona ni programu ya kompyuta inayoamua lori lipi lipakie nini, bati lipi liagizwe lini, na mteja yupi atumiwe ankara ya kiasi gani.

Ili kuifahamu kazi ya programu hiyo, tuchukue mfano wa kiwanda cha vitanda vya chuma, cha aina inayopatikana Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Mteja anapoagiza vitanda 1,000, programu husoma orodha ya vijenzi vya kitanda kimoja: mabomba, bati, rangi, bolti. Huangalia ghalani kuna nini, hukokotoa kinachopungua, huandaa maagizo kwa wauzaji, hupanga siku za kuchomelea na za kupaka rangi, na mwishowe hutoa ankara. Sasa tuseme orodha inasema kitanda kina bolti 14, ilhali fundi anafunga 16 kwa sababu muundo ulibadilishwa na hakuna aliyeisahihisha orodha. Baada ya vitanda 1,000, bolti 2,000 zitakuwa zimetoka ghalani bila ya kompyuta kujua. Siku moja programu itasema bolti zipo, na kazi itasimama kwa kukosa bolti.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Programu ya kiwanda ni daftari hilo, na historia yake inaonyesha kwamba hatari kubwa hujitokeza pale daftari linapohamishwa kutoka kitabu kimoja kwenda kingine.

Matrekta na makabati ya kadi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, viwanda vya Marekani viliweka hesabu za ghala kwenye makabati yaliyojaa kadi za karatasi. Kiwango cha kuagiza kiliwekwa kwa makadirio: bidhaa ikishuka chini ya idadi fulani, iagizwe nyingine. Mhandisi Joseph Orlicky, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya matrekta ya J.I. Case mjini Racine, jimboni Wisconsin, aliliangalia jambo hilo kwa namna nyingine. Mahitaji ya magurudumu, aliona, hayana haja ya kukisiwa. Ukijua utatengeneza matrekta mangapi na lini, unaweza kuyakokotoa. Kompyuta iliifanya hesabu hiyo iwezekane. Baadaye Orlicky alijiunga na kampuni ya IBM, na mwaka 1975 alichapisha kitabu kuhusu upangaji wa mahitaji ya malighafi ambacho kilikuwa rejea ya fani hiyo.

Mwenzake, Oliver Wight, alisisitiza jambo ambalo wauzaji wa kompyuta hawakulipenda sana: hesabu ya kompyuta haiwezi kuwa sahihi kuliko takwimu inazolishwa. Katika vigezo vilivyohusishwa na jina lake, kiwanda kilitakiwa kuwa na usahihi wa asilimia 95 katika kumbukumbu za ghala na asilimia 98 katika orodha za vijenzi, kabla ya kuutegemea mpango unaotoka kwenye mashine. Vigezo hivyo viliwekwa zamani, lakini maswali yaliyo ndani yake ndiyo yale yale wanayoulizwa leo wenye viwanda wanaotaka kuhama.

Minnesota yaingia katika historia

Jimbo la Minnesota lilikuwa na mizizi ya kompyuta tangu mapema. Mwaka 1946, mjini Saint Paul, wataalamu waliokuwa wakivunja siri za adui katika jeshi la wanamaji wakati wa vita vikuu vya pili walianzisha kampuni ya Engineering Research Associates katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha ndege zisizo na injini. Mwaka 1957 baadhi yao waliunda Control Data, kampuni iliyokuja kuwa maarufu kwa kompyuta zake za kasi kubwa.

Lakini kwa mwenye kiwanda wa kawaida, mashine muhimu zaidi ilitoka Rochester, mji ulioko kusini mashariki mwa Minneapolis, unaojulikana pia kwa hospitali ya Mayo. IBM ilianza shughuli zake huko mwaka 1956. Wahandisi wa Rochester walipewa kazi ya kutengeneza kompyuta kwa ajili ya biashara ndogo na za kati zisizoweza kuajiri kundi la wataalamu. Mwaka 1969 walitoa System/3, mwaka 1978 wakatangaza System/38, na tarehe 21 Juni 1988 IBM ikazindua mashine iliyowapatia sifa duniani kote: AS/400.

Mashine hiyo ilienea katika viwanda, benki na hoteli za mabara yote. Siri ya maisha yake marefu ilikuwa katika namna ilivyoundwa: programu hazikufungamanishwa moja kwa moja na kifaa kilichomo ndani. Mwaka 1995, IBM ilipobadilisha kabisa aina ya prosesa iliyotumika, wateja wengi waliweza kuendelea kutumia programu zao bila ya kuziandika upya. Jina lilibadilika mara kadhaa, na tangu mwaka 2008 mfumo huo unaitwa IBM i. Bado kuna viwanda vinavyoendeshwa kwa programu zilizoandikwa miaka ya 1980.

Uimara huo una upande wake wa pili. Kwa kuwa mashine haikuwa ikiharibika, hakuna aliyelazimika kuifungua na kuuliza imebeba nini. Kila mwaka mtaalamu wa kiwanda aliongeza kitu: ripoti kwa ajili ya meneja wa mauzo, bei maalumu kwa ajili ya mteja mmoja mkubwa, njia ya mkato kwa ajili ya idara ya ununuzi. Baada ya miaka 30, programu huwa imebeba desturi za kampuni nzima, na mara nyingi mtu anayezielewa ni mmoja, naye anakaribia kustaafu.

Chokoleti zilizokosa kufika madukani

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 dunia iliingiwa na hofu kwamba kompyuta zinazoandika mwaka kwa tarakimu mbili zitashindwa kuutambua mwaka 2000. Makampuni mengi yaliona ni afadhali kununua mfumo mpya kuliko kurekebisha wa zamani. Aliyenufaika zaidi alikuwa kampuni ya SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972 na wafanyakazi watano wa zamani wa IBM. Programu yake ya R/3, iliyotolewa mwaka 1992, iliahidi kuunganisha uhasibu, ghala, uzalishaji na mauzo mahali pamoja.

Kampuni ya chokoleti ya Hershey ya jimbo la Pennsylvania ilikuwa miongoni mwa walioharakisha. Mradi wake wa dola milioni 112, uliokadiriwa kuhitaji miaka minne, ulibanwa na kuwa wa miezi 30. Mifumo mipya iliwashwa Julai 1999, wakati maduka yalipoanza kuagiza peremende kwa ajili ya sikukuu ya Halloween ya mwezi Oktoba. Maagizo ya thamani ya takriban dola milioni 100 hayakutimizwa, ingawa bidhaa zenyewe zilikuwemo katika maghala. Faida ya robo hiyo ya mwaka ilishuka kwa asilimia 19.

Maelezo yaliyotolewa baadaye katika majarida ya teknolojia yalitaja sababu inayostahili kuzingatiwa. Katika miezi yenye shughuli nyingi, wafanyakazi wa Hershey walikuwa na desturi ya kuhifadhi shehena za ziada popote palipopatikana nafasi, ikiwemo vyumba vilivyokodiwa kwa muda na pembe za viwanda. Wao walipajua. Sehemu hizo hazikuwahi kuingizwa katika mfumo mpya kama maghala, na kwa hiyo kwa upande wa kompyuta chokoleti iliyolala humo haikuwepo. Mfumo wa zamani ulikuwa umefanya kazi kwa sababu watu walikuwa wakiufidia kila siku. Walipohamia mfumo mpya, hakuna aliyewauliza walikuwa wakifidia nini.

Jina lililounganisha Minneapolis na Dar es Salaam

Wakati makampuni makubwa yakinunua SAP, viwanda vidogo vilitafuta kitu cha bei nafuu. Mjini Minneapolis kampuni ya DCD ilitengeneza programu mbili kwa ajili yao, Vista na Vantage, zilizowalenga wenye karakana na viwanda vinavyotengeneza bidhaa kwa oda. Mwaka 1996 DCD ilinunuliwa na kampuni ya DataWorks ya California. Miaka miwili baadaye DataWorks nayo ikanunuliwa na Platinum Software, na mwaka 1999 Platinum ikabadilisha jina na kuitwa Epicor.

Jina hilo si geni kwa wahasibu wa serikali ya Tanzania. Mwaka 1998 Wizara ya Fedha ilianza kulipa madeni ya wizara kutoka kituo kimoja mjini Dar es Salaam kwa kutumia programu ya uhasibu ya Platinum, ambayo baada ya mabadiliko ya jina ilikuja kuitwa Epicor. Haikuwa programu ile ya karakana za Minneapolis, bali ya familia yake. Serikali, bila shaka, si kiwanda. Hata hivyo swali lililoikabili lilikuwa lile lile: daftari la zamani lihamishwe vipi bila ya kupoteza kilichomo.

Tanzania haikuwasha mfumo nchi nzima kwa siku moja. Ulianza na wizara za Dar es Salaam, kisha ukasambazwa mikoani na katika serikali za mitaa kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu ulitajwa na wachambuzi wa fedha za umma kuwa ni miongoni mwa mifano iliyofanikiwa barani Afrika. Udhaifu wake ulionekana kwingine. Maafisa waliokuwa wakiwaahidi makandarasi kazi nje ya mfumo waliendelea kufanya hivyo, na madeni ambayo hayakuandikwa yalirundikana hadi yalipokuja kudaiwa. Programu ilizuia malipo yasiyo na bajeti, lakini haikuweza kuzuia ahadi ambayo haikuiona. Kuelekea mwaka 2020, Tanzania ilianza kuachana na Epicor na kuingia katika mfumo uliotengenezwa na wataalamu wake yenyewe, MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini.

Kwa mwenye kiwanda, funzo la Dar es Salaam liko wazi. Kabla ya kuichunguza programu, ni lazima zichunguzwe shughuli zinazofanyika nje yake: daftari la mwenye stoo, jedwali la Excel la afisa ununuzi, simu ambazo meneja wa mauzo huwapigia wateja anaowajua.

Target nchini Canada

Mfano uliogharimu zaidi unairudisha historia hii Minnesota. Mwezi Januari 2011 Target, ambayo makao yake makuu yako Minneapolis, ilikubali kulipa dola za Canada bilioni 1.825 ili kuchukua mikataba ya upangaji wa majengo ya maduka ya Zellers nchini Canada. Target si kiwanda, bali muuzaji wa rejareja. Lakini mkasa wake umekuwa ukisomwa na wenye viwanda kwa sababu unaonyesha hatua kwa hatua nini hutokea takwimu zisipohakikiwa.

Nchini Marekani Target ilitegemea mifumo iliyojitengenezea kwa miaka mingi. Mifumo hiyo haikuundwa kwa ajili ya sarafu mbili wala kwa herufi za Kifaransa, moja ya lugha rasmi za Canada. Kampuni iliamua kutumia SAP, na muda uliotolewa ulikuwa takriban miaka miwili. Kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa na jarida la Canadian Business mwaka 2016, taarifa za takriban bidhaa 75,000 zililazimika kuingizwa upya, na kazi hiyo iliangukia kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wafanyakazi vijana wasio na uzoefu, waliokuwa wakikimbizana na tarehe ya ufunguzi.

Makosa yalikuwa ya kawaida kabisa. Vipimo vya inchi viliandikwa kama sentimita. Urefu uliandikwa mahali pa upana. Idadi ya bidhaa katika katoni haikulingana na ukweli. Jarida hilo liliripoti kwamba usahihi wa taarifa katika mfumo wa Canada ulikuwa kiasi cha asilimia 30, wakati nchini Marekani ulikuwa kati ya asilimia 98 na 99. Kompyuta iliyoamini kwamba sanduku ni dogo kuliko lilivyo iliagiza shehena isiyoweza kuingia kwenye rafu wala kwenye lori. Maghala yalifurika, huku rafu za maduka zikibaki tupu.

Maduka ya kwanza yalifunguliwa Machi 2013. Wafanyakazi wa makao makuu ya Mississauga, karibu na Toronto, walilazimika kuhakiki taarifa kwa mikono, bidhaa moja baada ya nyingine, kazi ambayo ingekuwa rahisi zaidi kabla ya kununua shehena. Jarida hilo liliongeza kwamba baadhi ya wachambuzi walizima uagizaji wa moja kwa moja kwa bidhaa fulani, ili upungufu usionekane katika ripoti zao. Kwa maneno mengine, takwimu mbaya zilizaa hofu, na hofu ikazaa takwimu mbaya zaidi.

Tarehe 15 Januari 2015 Target ilitangaza kwamba inaondoka Canada. Maduka 133 yalifungwa na watu wapatao 17,600 wakapoteza ajira. Kampuni ilikadiria hasara ya dola bilioni 5.4 kabla ya kodi katika robo hiyo ya mwaka. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo bei zilizoonekana kuwa juu na majengo yaliyokuwa mahali pasipofaa, lakini rafu tupu ndizo zilizowafukuza wateja mapema. Programu ya SAP yenyewe ilikuwa ikitumiwa bila ya matatizo ya aina hiyo na makampuni mengi mengine.

Uchunguzi hufanywaje

Kutokana na mikasa kama hiyo umejengeka utaratibu ambao hauhitaji mashine yoyote ya gharama. Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Huchaguliwa bidhaa kadhaa ghalani, huhesabiwa kwa mkono, na hesabu hulinganishwa na kilichomo kwenye kompyuta. Kiwanda ambacho kompyuta na ghala vinakubaliana mara saba tu kati ya kumi hakina sababu ya kuzungumzia wingu. Kina sababu ya kurekebisha ghala.

Hatua ya pili ni kuifuata oda moja, tangu mteja anapopiga simu hadi fedha zinapoingia benki, na kuandika kila mahali ambapo mtu anaiacha programu na kutumia kitu kingine. Hapo ndipo hujulikana maghala yasiyo rasmi ya aina ya Hershey. Mara nyingi anayejua zaidi si mkuu wa idara, bali mpokea mizigo au fundi aliyekaa kwenye mstari wa uzalishaji kwa miaka 20. Viwandani Brooklyn Park mtu huyo anaweza kuwa mhamiaji ambaye hajawahi kualikwa katika mkutano wowote wa kompyuta.

Hatua ya tatu ni kuorodhesha marekebisho yote yaliyofanyiwa programu ya zamani na kuuliza kila moja bado lina kazi gani. Kampuni ya maduka ya Lidl ya Ujerumani ilijifunza uzito wa swali hilo mwaka 2018, ilipouachia njiani mradi wa SAP wa miaka saba ulioripotiwa kugharimu takriban euro milioni 500. Lidl ilikuwa ikithaminisha bidhaa zake kwa bei ya kununulia, wakati mfumo uliununuliwa ulitumia kwa kawaida bei ya kuuzia. Badala ya kubadilisha desturi, ilichaguliwa kubadilisha programu, na mabadiliko hayo yakazaa mengine.

Hatua ya nne ni kuangalia vitu vilivyounganishwa na programu: mizani, printa za lebo, benki na mamlaka ya kodi. Nchini Tanzania mashine za kielektroniki za risiti zilianza kutumika mwaka 2010, na Kenya ilileta mfumo wa ankara wa eTIMS mwaka 2023. Toleo jipya lisiloweza kuzungumza na mamlaka ya kodi halina faida kwa mwenye kiwanda wa Nairobi hata likisifiwa vipi huko litokako.

Kwa viwanda vya vifaa vya tiba, uchunguzi huo umekuwa pia ni sharti la kisheria. Minnesota ni moja ya vituo vikuu vya sekta hiyo tangu Earl Bakken na Palmer Hermundslie walipoanzisha Medtronic katika gereji mjini Minneapolis mwaka 1949. Mwaka 1996 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilichapisha kanuni za ubora zilizowataka watengenezaji wathibitishe kwa maandishi kwamba kompyuta wanazozitumia katika uzalishaji zinafanya kazi iliyokusudiwa, na kwamba kila badiliko limethibitishwa kabla ya kutumiwa. Sababu inaeleweka. Betri ya kifaa kilichomo kifuani mwa mgonjwa ikigundulika kuwa na kasoro, kiwanda lazima kiweze kusema betri za fungu hilo ziliingia katika vifaa vipi na vifaa hivyo viko kwa nani. Taarifa hiyo ikipotea wakati wa kuhama, anayedhurika ni mgonjwa.

Wingu na nyaya za baharini

Neno wingu lina maana rahisi: programu na takwimu hukaa katika seva za kampuni nyingine, na mteja huzifikia kupitia intaneti kwa kulipia kila mwezi au kila mwaka. Amazon ilianza kukodisha kompyuta zake kwa namna hiyo mwaka 2006. Vituo vya aina hiyo vimefika pia barani Afrika: Microsoft ilifungua vyake nchini Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata mjini Cape Town mwaka 2020, na Google mjini Johannesburg mwaka 2024.

Faida zake ni za kweli. Kiwanda hakinunui seva, hakiajiri mtu wa kuilinda usiku, na moto au mafuriko hayaondoki na kumbukumbu zake. Lakini yapo maswali yanayotofautiana kutoka mahali hadi mahali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Mwenye kiwanda cha Jinja au Tanga anapaswa kujua, kabla ya kusaini mkataba, kama mashine zake zitaendelea kufanya kazi siku kama hiyo. Anapaswa pia kujua sheria zinasemaje kuhusu taarifa za watu zinazotunzwa nje ya nchi, kwa kuwa Kenya ilitunga sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Na anapaswa kuuliza, siku akitaka kuondoka, atarejeshewa takwimu zake kwa namna gani na kwa bei gani.

Shinikizo la muda limerudi tena, kama lilivyokuwa kabla ya mwaka 2000. SAP imetangaza kwamba matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa zamani, ECC, yatakoma mwishoni mwa mwaka 2027, na kwamba wanaotaka kuendelea hadi mwaka 2030 watalipa zaidi. Watengenezaji wengine nao wanawasukuma wateja wao kuelekea kwenye wingu. Wauzaji wana sababu zao, zikiwemo za kibiashara, na tarehe zao ni za kweli.

Wahenga walionya pia, usiache mbachao kwa msala upitao. Onyo hilo halisemi kwamba mtu akae na mbacha wake milele. Mifumo ya zamani itafika mwisho, na wengi watalazimika kuhama. Hershey yenyewe iliendelea na SAP, na mwaka 2002 ilihamia toleo jipya zaidi bila ya kurudiwa na mkasa wa 1999, baada ya kujipa nafasi ya kulifanyia majaribio. Kwa viwanda ambavyo bado havijaamua, kazi ya kwanza inaweza kuanza kesho asubuhi ghalani, kwa kalamu na karatasi, pamoja na mwenye stoo anayejua bolti ziko wapi, kabla hajastaafu.